Jameson Crested Ten kugeuka Crested: walibadilisha lebo au walibadilisha wiski yenyewe?

MwanaKibosho (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu 2016 na sijapata mtu wa kulizungumza naye kwa Kiswahili. Ni habari ya wiski ya Ireland iliyoitwa Jameson Crested Ten. Usipoijua si ajabu. Jameson tuliyoizoea Nairobi na Dar ni ile ya kawaida, ya chupa ya kijani. Crested Ten ilikuwa ya wenyeji. Kwa miaka mingi ukiitaka ilikupasa uwe Ireland, au uwe na ndugu anayerudi kutoka huko mwenye nafasi kwenye begi.

Nilifika Dublin 2012 kwa masomo, na jioni nikawa nafanya kazi kwenye baa moja ya mtaani, kaskazini ya mto Liffey. Nakusanya glasi, nafuta meza, napandisha kreti kutoka stoo ya chini. Kila Alhamisi saa kumi na moja na robo aliingia mzee mmoja, seremala mstaafu, anavua kofia, anakaa kiti cha mwisho karibu na dirisha. Hakutaja jina lote la kinywaji. Alisema "Ten", basi. Akiletewa toti yake anaomba na jagi dogo la maji, anadondosha matone matatu au manne, anazungusha glasi, anaiacha. Halafu ananusa, anapumzika, ananusa tena, ndipo anapiga funda dogo. Toti moja ilimchukua karibu dakika arobaini.

Mimi nimekulia Kibosho, nimezoea mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipita kwenye kata mkono kwa mkono huku watu wanapiga soga. Sikuwahi kuona mtu anakaa kimya na kinywaji namna ile. Siku moja akanisogezea glasi, akaniambia ninuse, nisinywe. Mara ya kwanza nikapata pombe tu, pua ikawaka. Akasema, fungua mdomo kidogo unaponusa. Nikafungua. Zikaja zabibu kavu, nyuma yake karanga za kukaanga, halafu harufu ya ubao uliopigwa randa sasa hivi. Nikamwambia. Akatabasamu, akasema hiyo ya ubao ndiyo inayomleta.

Mwaka 2016 zikaja chupa mpya. Lebo imependeza, lakini neno "Ten" halipo, imebaki Jameson Crested. Alhamisi ile mzee akamiminiwa. Akafanya yote kama kawaida, maji, kusubiri, kunusa. Akaonja, akaiweka chini. "Hii si yangu." Mhudumu akamweleza kwa upole kwamba ni ileile, wamebadilisha jina tu. Akaimaliza, akalipa, akashukuru. Alhamisi iliyofuata aliagiza bia nyeusi. Sikumsikia akitaja Ten tena.

Nilipoacha kazi 2017 aliniletea chupa ya Crested Ten kutoka kabatini kwake, imepungua kidogo tu shingoni. Nimeitunza. Naigusa siku kubwa tu: kumaliza chuo, mtoto wangu kuzaliwa, Krismasi. Sasa imebaki robo. Juzi nikafungua chupa ya Crested, nikaweka glasi mbili mezani, ya mzee kushoto na mpya kulia. Ndugu zangu, ni mbingu na ardhi. Ya kushoto laini, tamu ya zabibu, inateleza. Ya kulia inachoma ncha ya ulimi, ina pilipili, harufu ya pombe inatangulia mbele ya kila kitu.

Kwa hiyo nasema mzee alikuwa sahihi. Walibadilisha wiski. Mwenye ufahamu anisahihishe.

---

Nyota ya Kisumu

Ndugu, hii hadithi imenishika. Swali langu ni rahisi: hiyo "Ten" si ni miaka kumi? Wakiitoa si ina maana siku hizi wanaweka wiski changa? Nimeona kwa vinywaji vingine, namba ikitoka kwenye lebo ujue umri umeshuka.

---

Mzee wa Kimea

Hapo kwenye "Ten" ndipo wengi tunapojikwaa, na mimi nilijikwaa kwa miaka.

Kisheria, ukiandika umri kwenye chupa ya wiski ya Ireland, umri huo lazima uwe wa tone changa kuliko yote yaliyomo. Ukiweka wiski ya miaka 20 na kijiko cha miaka 8, unaandika 8. Sasa angalieni chupa ya Crested Ten ya miaka ya mwisho. Imeandikwa "Crested Ten". Haikuandikwa "miaka 10". Lilikuwa jina, halikuwa kiapo cha umri. Mnywaji alijisomea miaka mwenyewe. Nadhani ndiyo maana kuliondoa neno hilo kulikuwa na faida yake, kwani lilikuwa likiwaahidi watu jambo ambalo chupa haikuliahidi. Lakini naelewa kabisa kwa nini liliwauma walioizoea.

Sasa historia, maana bila historia tutabishana bure.

Kiwanda cha Jameson cha mtaa wa Bow Street pale Dublin kinahesabu umri wake tangu 1780. John Jameson mwenyewe alikuwa Mskoti, mtu wa Alloa. Kwa zaidi ya miaka mia moja na nusu kiwanda kilikuwa kinauza wiski kwa pipa. Wafanyabiashara wa divai na wenye maduka makubwa walinunua, wakaikomaza kwenye maghala yao, wakaijaza kwenye chupa kwa lebo zao. Green Spot ya Mitchell & Son ilizaliwa hivyo, Redbreast ya Gilbey ilizaliwa hivyo. Ndani ni wiski ya Bow Street, nje jina la muuzaji. Maana yake ni kwamba kampuni haikuwa na mkono kwenye sehemu ya mwisho. Pipa likiwekwa vibaya, mteja analaumu Jameson.

Mwaka 1963 ndipo kampuni ilipotoa wiski iliyojazwa kwenye chupa na kufungwa na wao wenyewe. Wiski hiyo ndiyo Crested Ten. Kwa hiyo si chupa ya pembeni. Ndiyo chupa ya kwanza ambayo Jameson walisema: hii tunaisimamia sisi mpaka kwenye kizibo.

MwanaKibosho, nisikilize hapa. Mwaka 1966 kampuni za Jameson, Power na Cork Distilleries zikaungana wakawa Irish Distillers. Bow Street ikazima moto 1971. Tangu 1975 kazi yote ya kupika ikahamia kiwanda kipya cha Midleton, kaunti ya Cork, kusini kabisa. Mitungi mingine, maji mengine, mafundi wengine. Jina likabaki Crested Ten. Mzee wako, kama alianza kunywa ujanani, alikunywa Crested Ten ya Dublin na baadaye ya Cork, na chupa ilisema kitu kilekile. Hapo kati wiski ilihama nyumba na jina halikuhama. Mwaka 2016 jina likahama. Ni lipi kati ya hayo mawili lilipaswa kumshtua zaidi?

---

Shoka la Ilala

Samahani wakuu, mimi mgeni wa mambo haya. Mnasema ni wiski ya mchanganyiko. Mchanganyiko si ndiyo kuchakachua?

---

Mzee wa Kimea

Hapana mkuu, na swali ni zuri. Kuchakachua ni kuongeza kitu ili kudanganya. Kuchanganya wiski ni kazi ya ufundi kama pilau. Mchele mtupu ni chakula, nyama peke yake ni chakula, lakini hakuna anayesema pilau ni mchele uliochakachuliwa.

Iko hivi. Ireland wana wiski ya chungu. Ni mtungi mkubwa wa shaba, unapika mkupuo mmoja, unamaliza, unasafisha, unaanza mwingine. Jameson wanapitisha mara tatu. Ndani kuna shayiri ya aina mbili: iliyooteshwa, yaani kimea, na mbichi isiyooteshwa. MwanaKibosho atanielewa haraka maana mbege nayo haiendi bila kimea cha ulezi, ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Waairishi walianza kuchanganya shayiri mbichi kwa wingi baada ya kodi kuwekwa kwenye kimea, 1785. Walikuwa wanakwepa kodi. Kumbe shayiri mbichi inaleta uzito, mafuta fulani yanayopaka ulimi, na kapilipili. Kodi ikaja kufutwa, wao wakabaki na ladha.

Halafu kuna wiski ya nafaka, zaidi mahindi, inayopikwa kwenye mtambo wa mnara usiosimama mchana na usiku. Mtambo huo ulipewa hataza 1830 na Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa kodi ya pombe hukohuko Ireland. Wenye viwanda wa Dublin waliukataa, wakasema unatoa kinywaji kisicho na roho. Waskoti wakauchukua, wakautumia, wakaliteka soko la dunia. Ireland ikaja kuumia zaidi na marufuku ya pombe Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, na vita vya kibiashara na Uingereza miaka ya 1930. Kufikia miaka ya 1970 kisiwa kizima kilikuwa kimebakiwa na viwanda viwili vinavyopika, Midleton na Bushmills. Huwa nikifika hapo naumia, maana lilikuwa taifa la wapika wiski.

Wiski ya mchanganyiko ya Jameson ni hizo mbili pamoja: ya chungu inaleta mwili, ya nafaka inaleta wepesi. Tofauti ya Crested Ten na Jameson ya kawaida ni kwamba Ten ilikuwa na ya chungu kwa wingi zaidi, na mapipa mengi zaidi yaliyokuwa na sheri, ile divai nzito ya kusini mwa Hispania. Zabibu kavu za MwanaKibosho zinatoka humo. Crested iliyoifuata imesimama juu ya msingi huohuo.

---

Dada wa Cork

Kaka MwanaKibosho, shikamoo kwa uzi huu. Mimi niko huku Cork mwaka wa kumi na nne, nimefanya kazi za hoteli na baa muda mrefu, na mume wangu ni mwenyeji. Nina maswali matatu, naomba usiyaone madogo.

Chupa ya mzee ilifunguliwa lini? Tangu umeipata, imekaa na hewa kiasi gani ndani? Na imekaa wapi, kabati lenye giza au rafu inayopigwa na jua?

Nauliza kwa sababu wiski haikomai ndani ya chupa, tofauti na divai. Pipa ndilo linaloikomaza. Ikishaingia kwenye kioo na kufungwa, umri unasimama. Lakini ukifungua na kupunguza, hewa inaingia, na hewa inafanya kazi. Chupa iliyojaa hadi shingoni inaweza kukaa miaka usione badiliko. Ikibaki robo, ile robo tatu ya hewa inakula taratibu. Makali yanaondoka kwanza. Kilevi kinapungua nguvu puani. Unabaki na utamu na ulaini, hata kama vitu vingine vizuri vimeshatoroka pia. Umelinganisha chupa iliyofunguliwa miaka mingi iliyopita na chupa uliyoifungua siku hiyohiyo. Hata ungechukua chupa mbili za mkupuo mmoja ungepata mbingu na ardhi.

---

MwanaKibosho

Dada, marahaba, ingawa kwa umri huenda mimi ndiye nastahili kukuamkia.

Majibu: alinipa ikiwa tayari imefunguliwa, sijui alifungua lini. Imekaa kabatini, gizani, imesimama wima. Hewa ndiyo robo tatu ya chupa, kama ulivyosema.

Nakiri hilo sikulifikiria. Lakini mzee hakulinganisha na chupa yangu. Alilinganisha na aliyokuwa akiinywa palepale baa kila Alhamisi. Yeye utamwambiaje?

---

Kapteni Mstaafu

Naingilia kidogo kabla hamjaendelea, kwa wale wanaotamani kuitafuta Crested Ten sasa hivi. Inapatikana kwenye minada ya chupa za zamani ya mtandaoni huko Ulaya. Angalieni kimo cha wiski shingoni mwa chupa. Ikiwa imeshuka hadi mabegani wakati mfuniko haujafunguliwa, hewa imepita. Angalieni lebo kama imebanduka na kubandikwa tena, na mfuniko kama una mkwaruzo. Niliwahi kuuziwa wiski ya zamani na mtu mmoja, mfuniko umefungwa vizuri kabisa, ndani ni kitu kingine. Nililia na pesa yangu. Na wauzaji wa "chupa adimu" kwenye makundi ya WhatsApp, wanaotuma picha moja na kudai malipo kwanza, waachieni.

---

Binti Mkunazini

Mimi kinywaji hiki si changu na wala sikitumii, lakini nimesoma uzi wote kwa sababu ya pua ya yule mzee. Sisi nyumbani ni watu wa udi na mafuta. Bibi yangu alikuwa na mafuta ya kujipaka aliyoletewa kutoka Muscat, kichupa kidogo, jina limeandikwa kwa dhahabu. Duka likabadilisha jina la mafuta yale. Bibi akanunua, akapaka nyuma ya mkono, akasema hayakai. Mama akayamimina kwenye kichupa cha zamani bila kumwambia. Bibi akapaka miezi sita akisifu.

Wala hakuwa mtu wa kudanganyika, na pua yake tuliiamini sote. Namkumbuka kwa upendo kila nikisikia mtu akisema "hii si yangu".

---

Dada wa Cork

Kaka, nimerudi. Swali lako kuhusu mzee halikuniacha nilale.

Kwanza nifanye hesabu. Chupa ni mililita 700. Kipimo cha baa huku Ireland ni mililita 35.5. Chupa moja inatoa toti kumi na tisa na kidogo. Niambie ukweli: pale baa, zaidi ya mzee, nani mwingine alikuwa akiagiza Crested Ten? Kama ni yeye peke yake, toti moja kwa wiki, chupa moja ilikuwa inakaa rafuni karibu miezi mitano, ikipungua na kujaa hewa.

Pili, tumefanya jaribio. Shemeji yangu alikuwa na Crested Ten haijafunguliwa, aliinunua kabla ya mabadiliko akaisahau. Tumeifungua Jumamosi pamoja na Crested, siku moja, saa moja. Baba watoto akanipangia glasi tatu nimempa mgongo, mbili zina kitu kimoja na ya tatu ina kingine, kazi yangu ni kuitoa iliyo peke yake. Mara sita. Halafu tukabadilishana, nikampangia yeye. Kubahatisha tu kungempa mtu mbili kati ya sita.

Mimi nilipata mbili. Yeye alipata nne. Anasema Ten ina zabibu kidogo zaidi ikiachwa glasini dakika kumi. Mimi kusema kweli sikuzipata, na sitasema nimezipata. Na hata hizo nne haziwezi kutuambia kama ni mapishi mapya au ni mkupuo tu, kwa sababu kila mkupuo unachanganywa upya kutoka mapipa tofauti, na mchanganyaji anajitahidi ufanane na uliopita, hauwezi kuwa pacha.

Ungekuwa karibu ningekuomba ulete ya mzee tuiingize kwenye mashindano.

---

MwanaKibosho

Nimepanda treni jana, nimefika Cork, nimelishwa na dada na shemeji mpaka nikashindwa kuinuka. Nilibeba kichupa cha mililita hamsini kutoka chupa ya mzee.

Tumeipanga glasi tatu tatu dhidi ya ile Ten iliyofunguliwa Jumamosi. Ten dhidi ya Ten. Sote watatu tumeipata ya mzee mara sita kati ya sita. Hata kunusa hukuhitaji kuinama. Kwa hiyo ule ulaini nilioupenda, ule nilioapia hapa juu kwamba ndiyo wiski waliyotunyang'anya, ulikuwa hewa na miaka ya kabati langu. Nafuta kauli yangu kwamba walibadilisha wiski. Sina ushahidi wa kusema hivyo.

Kisha nikiwa kwenye treni ya kurudi, karibu na Mallow, nimekumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa, na kimenitoa machozi.

Dada, ni kweli. Pale baa alikuwa anaagiza yeye tu. Kila ilipofunguliwa chupa mpya, hata ya Ten, mzee alikuwa anakunja uso. Alikuwa akimwambia mhudumu kwamba chupa ina hasira, iacheni, wiki ya tatu itakuwa imetulia. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu si chini ya mara tatu. Na kweli wiki ya tatu au ya nne alikuwa anatikisa kichwa taratibu, ameridhika.

Crested hakuipa wiki ya tatu. Aliionja siku ilipofunguliwa, ikiwa na hasira yake, na safari hii lebo ilikuwa mpya, kwa hiyo hasira ile akaisoma kama ugeni. Mimi nilikuwepo nimeshika kitambaa cha meza. Ningeweza kumwambia, mzee, tusubiri. Sikujua.

---

Mzee wa Kimea

Nimesoma mara mbili. Usijilaumu kijana. Ulikuwa unajifunza kwake, na somo hilo hakuwa amekufundisha bado.

Ushauri wa vitendo: hiyo robo iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo inayojaa hadi juu, safi, kavu, isiyo na harufu. Itasimama hapo ilipo.

---

Nyota ya Kisumu

Na sisi ambao hatutaipata Ten tena, tunywe nini kinachokaribia?

---

Mzee wa Kimea

Ukitaka uzito wa chungu na zabibu, Redbreast ya miaka 12. Hiyo haina wiski ya nafaka kabisa, ni ya chungu tupu, na ni nzito kuliko Ten, lakini ni damu moja. Tena ni mfano mzuri wa chupa iliyotoweka ikarudi: ilisimama katikati ya miaka ya 1980, Irish Distillers wakairudisha 1991. Ukitaka mchanganyiko wenye sheri na bei ya mwananchi, Black Bush ya Bushmills, ingawa hiyo ni ya kimea na nafaka, haina shayiri mbichi. Black Barrel ya Jameson, iliyokuwa ikiitwa Select Reserve, ni nzuri lakini imeegemea mapipa ya bourbon (wiski ya Marekani) yaliyochomwa, inakwenda upande wa vanila na karameli. Si ndugu wa karibu. Mimi ningeanza na Redbreast, matone manne ya maji, dakika kumi.

---

MwanaKibosho

Wakuu, narudi kufunga mambo niliyoyaacha wazi. Heri ya mwaka mpya.

Kabla ya kusafiri nilipita ile baa. Wamiliki ni wengine, lakini mhudumu mmoja wa zamani yupo. Mzee alifariki 2019. Mhudumu ameniambia alikuwa akija hadi mwezi wa mwisho, bia nyeusi nusu, kiti kilekile.

Ile robo niliihamishia kwenye kichupa kama nilivyoelekezwa, nikakifunga kwenye soksi, nikaenda nacho Kibosho kwenye Krismasi. Baba yangu ana miaka 78 na bado anapika mbege mwenyewe, kimea anakiotesha yeye, hataki cha dukani. Jioni ya tarehe 26 nikamkalisha nje, nikammiminia, nikamsimulia habari ya seremala wa Dublin tangu mwanzo hadi ile wiki ya tatu. Alisikiliza bila kukatiza. Akauliza kama mzee yule alikuwa na watoto. Nikamwambia sikuwahi kumuuliza.

Akanyanyuka na glasi, akaenda hadi chini ya migomba, akamwaga kidogo ardhini akisema maneno yetu ya nyumbani, kama anavyowafanyia babu zetu. Kisha akarudi, akanusa, akanywa taratibu mpaka ikaisha. Akasema ina shayiri na ina mbao. Mimi sikuwa nimemtajia mbao.

Kichupa kimebaki kwake. Ameweka asali.